Mlima wa Waya Mmoja

Mtu mmoja alikuwa dereva wa treni ya umeme, jina lake Sabasi Kobelo. Treni yake ilikuwa mpya, yenye nguvu na mwendo kuliko zote katika reli ile. Hakuwahi kuchelewa. Abiria walimsifu, naye akazizoea sifa zile hadi akaziona kuwa ni haki yake.

Reli ile ilivuka mlima mkubwa, na treni zote zilizokuwa mlimani zilivuta umeme wa waya mmoja. Asubuhi moja radi ilikipiga kituo kimoja cha umeme kikazimika, kikabaki kingine peke yake kuubeba mlima mzima. Mwongozaji wa safari akawatangazia madereva kwa redio wavute umeme kidogo, mshale wa kipimo cha umeme usivuke alama nyekundu. Wangechelewa, lakini wote wangefika.

Sabasi alitii. Treni ikapanda polepole, hata mwanamke aliyekuwa akipalilia kando ya reli akainuka, akaegemea jembe lake, akaitazama mpaka ikapita. Jambo hilo lilimchoma. Tena mhudumu akaja kumwambia kwamba watu wa harusi walioko behewa la kwanza wanauliza kulikoni. Sabasi akautazama waya juu. Ulikuwa umenyooka, umetulia kama siku zote, hauna dalili ya kuelemewa. Akajiambia kwamba nyongeza ya mtu mmoja haiwezi kudhuru kitu. Akausukuma mkono wa mwendo.

Treni ikaitika. Miti ikaanza kukimbia dirishani, na vigelegele vikasikika kutoka behewani. Kwa kitambo kidogo moyo wake ukawa mkunjufu kabisa. Kisha taa zote mbele yake zikazimika, mngurumo ukakatika, na treni ikapungua mwendo hadi ikasimama. Kituo kilikuwa kimezidiwa, kikajikata chenyewe kisije kikaungua. Mlima mzima ulikuwa hauna umeme.

Upande wa pili wa mlima, kwenye njia nyingine, ilikuwapo treni kuukuu iliyoendeshwa na mama mmoja, Eliwaza Nguma. Yeye alikuwa amepanda chini ya alama tangu mwanzo. Umeme ulimkatikia akiwa ndani ya handaki, mabehewa yamejaa, hewa imesimama, watoto wanalia gizani. Sabasi aliyasikia hayo kwenye redio, Eliwaza akimweleza mwongozaji kwa sauti tulivu, bila kumlaumu mtu.

Baadaye umeme ukarudi, lakini wa kutosha kuondosha treni moja tu. Mwongozaji akatangaza kwamba aliyevuka alama ni Sabasi, akamwambia Eliwaza aanze yeye. Eliwaza akasema:

"Mpisheni kwanza kaka Sabasi. Mtu havuti umeme namna ile ila ana mgonjwa mahututi ndani. Sisi tutavumilia."

Hakuwa anamsimanga. Aliamini hivyo kweli.

Sabasi alikaa na redio mkononi. Kama angetukanwa, angepata la kujibu. Njia ilikuwa wazi mbele yake, na hakuna ambaye angejua kwamba hana mgonjwa. Akaiinua redio akasema, "Sina mgonjwa, dada. Ilikuwa haraka yangu tu. Tangulia wewe."

Kisha akafungua mlango akaingia mabehewani, akawaambia abiria kwa kinywa chake kwamba yeye ndiye aliyeuzima mlima, na kwamba sasa wanawasubiri walio handakini. Wengine walimkemea. Baba wa bwana harusi akalegeza tai yake. Sabasi hakurudi chumbani kwake kukaa peke yake. Alisimama katikati yao, jasho likimtiririka kama wao, mpaka redio ikamwita. Walifika mchana umekwenda, chakula cha harusi kimepoa, naye alikuwa ameupanda mlima ule taratibu, mshale ukiwa chini ya alama.

Na ninyi mnaonisikiliza, kila mnapovuta kwa nguvu zenu zote kwa sababu waya haulalamiki, mmewahi kuuliza ni nani aliyeko handakini?