Vifaranga wa Uchochoro wa Simile

Hapo zamani, na si zamani za mbali maana mabati ya soko lenyewe bado yanang'aa, palikuwa na mji uitwao Kitopeni. Mji ulikuwa na soko moja katikati, na soko lilikuwa na njia moja ya kupitishia mizigo: uchochoro mwembamba, ukuta huku, ukuta huku, na baraza za maduka pande zote mbili.

Malori yalijipanga kwenye mdomo wa uchochoro tangu alfajiri, yakinguruma na kufuka moshi. Nyanya zilioza juu ya lori huku mlango wa soko unaonekana. Watoto walikohoa. Madereva walitukanana mpaka wakaishiwa matusi, wakaanza kuazimana.

Ndani ya uchochoro walitawala wasukuma mikokoteni. Hao walikuwa na sheria yao, haikuandikwa popote na hakuna aliyeivunja: mwenye mzigo hapishi. Ukiwa na mzigo unapiga ukelele, "Simile!" na anayerudi mtupu anajibana ukutani, unapita. Baadaye wewe ndiye mtupu, unajibana wewe. Nani angebisha? Kila mtu aliingia na mzigo, na kila mtu alitoka mtupu.

Kati yao alikuwamo mwanamke mmoja tu, Chausiku. Mwaka wake wa kwanza ulikuwa wa machozi. Alipiga simile na magunia ya viazi mgongoni pa mkokoteni, na wanaume watupu wakajifanya viziwi, wakamrudisha kinyumenyume mpaka barabarani. Siku moja akakataa. Akasimama kama nguzo, hasemi, harudi, mpaka yule wa mbele yake akachoka na kujibana ukutani. Tangu siku ile Chausiku akawa mtu katika watu.

Basi Halmashauri ikachoka na malori. Afisa mipango, Bi Asteria, akamwendea Mzee Shangali, mwenye malori mengi kuliko wote, kisha wakawaita wasukuma mikokoteni. Wakakaa, wakanuniana, wakaondoka. Wakarudi, wakakaa tena. Mwishowe wakapatana. Halmashauri ikatoa kiwanja nje ya mji, malori yashushe huko. Mzee Shangali akanunua maguta ya betri, yale ya matairi matatu yenye kitanda nyuma, hayana moshi wala kelele. Wasukuma mikokoteni wakageuka madereva wa maguta, na faida ikawa ya wote. Bi Asteria akaongeza neno moja: guta lisirudi tupu. Likiingia na viazi, litoke na makreti au taka za soko, na taka ziwe nje ya mji kabla ya adhuhuri, la sivyo dereva anyang'anywe kibali. "Safari moja, kazi mbili," alisema, na watu wakampigia makofi.

Tuseme kweli, jambo lile lilifaa. Nyanya zilifika nyekundu. Bibi Nyamizi, mjane muuza mayai, alisema mjukuu wake sasa analala usiku kucha bila kukohoa, na yeye si mtu wa kusifu ovyo.

Lakini hebu rudini nyuma kidogo. Mwenye mzigo hapishi. Na sasa hakuna mtupu. Anayeingia ana mzigo, anayetoka ana mzigo. Nani apishe?

Siku za mwanzo walipatana kwa utani. Leo nipishe mimi, kesho nitakupisha wewe. Utani nao huisha.

Kuku wa Bibi Nyamizi wakaja wakapigwa na ugonjwa wa mdondo, wakaisha wote. Mama wa watu akauza cherehani yake, akaagiza vifaranga wa siku moja. Wakaja kwa lori, na kule kiwanjani Chausiku akayapakia makasha yao kwenye guta lake. Alikwenda polepole, maana alipenda ile sauti yao, chwi chwi chwi, mgongoni mwake.

Katikati ya uchochoro akakutana na Mkumbo, anatoka sokoni na mapipa ya matumbo ya samaki.

"Simile!" akasema Chausiku.

"Simile!" akasema Mkumbo.

Maguta yale yalikuwa mapana. Mmoja lazima arudi nyuma.

"Rudi, dada."

"Nina mzigo."

"Na huu wangu ni nini, maua?"

"Taka si mzigo, Mkumbo."

"Kamwambie Bi Asteria. Jua likifika utosini taka hizi zikiwa bado ndani ya mji, nanyang'anywa kibali."

"Waliomo humu wanapumua!"

"Na wanangu nyumbani? Hawapumui?"

Kule barazani watu wakaacha biashara zao. "Mafahali wawili hao!" wakacheka. "Chausiku, usirudi! Mkumbo, umekutana na mwenzio!" Jua likapanda. Kuta zikaanza kurudisha joto. Nyuma ya Chausiku ile sauti ikapanda, ikawa kelele, kisha ikaanza kupungua. Aliisikia ikipungua. Mkono wake ulikuwa juu ya usukani. Akaukumbuka mwaka ule wa kwanza, akajiambia, nikirudi leo, nitarudishwa maisha yangu yote. Mkono haukusogea.

Aliyekuja kuumaliza ugomvi ni Bibi Nyamizi mwenyewe. Alikuwa anangoja sokoni, akachoka, akaja kwa miguu, akajipenyeza ubavuni mwa guta la Mkumbo. Akafungua kasha la juu, akaingiza mkono, akatoa kifaranga. Shingo ililala kidoleni mwake. Akafungua la pili. Akafungua yote.

Kesho yake watu wakakutana kiwanjani. Bibi Nyamizi akasema, "Fedha sizitaki. Aliyewaua alete vifaranga wengine, aje kwangu, awalee kwa mkono wake mpaka watage. Awalishe, awafagilie, awaamkie. Hilo tu."

Watu wakatazamana. Mpaka kuku atage ni miezi, na nafasi ya mtu pale kiwanjani haimngoji.

Mkumbo akasimama. "Mimi nilitii ya zamani, mwenye mzigo hapishi. Nikatii na mpya, taka zitoke mapema. Mtu aliyetii mara mbili ana kosa gani? Aliyebeba kiumbe ndiye angetangulia kuona huruma."

Mzee Shangali akasimama. "Maguta ni mapana, nakiri. Nilitaka yabebe zaidi. Membamba yangepishana. Lakini siku nilipoyaleta mliyapanda kwa vigelegele, hakuna aliyeniambia, mzee, mapana haya."

Bi Asteria akasimama. "Neno langu ndilo lililojaza guta kila safari, na ndilo lililopunguza safari zenyewe. Sheria yenu ya simile hamkunitajia. Niliwauliza, mna la kuongeza? Mkasema hatuna."

"Hatukukuficha, mama," akasema Chausiku. "Hatukujua kama ni sheria. Tulidhani ndivyo uchochoro ulivyo."

Mtu mmoja akapaza sauti, "Basi turudishe malori na mikokoteni yetu!"

"Thubutu!" akasema Bibi Nyamizi. "Mjukuu wangu analala."

Kisha Chausiku akasimama. "Niliwasikia wakinyamaza. Nisiwadanganye, niliwasikia, na ninaona aibu. Lakini ningerudi nyuma jana mbele ya watu wote wale, niambieni, nani kati yenu angenipisha leo?"



Bibi Nyamizi akawageukia wenye maduka, waliokuja kusikiliza kesi ya wenzao. "Na nyinyi wa barazani. Makasha yale yalikuwa mepesi. Mikono miwili ya mtu ingeyavusha moja moja mpaka kivulini. Mlikuwa mnafanya nini?"

Walikuwa wanacheka. Hilo kila mtu alilijua, na sasa hakuna aliyecheka.

Haya, wasikilizaji wangu, nami nimefika nilipofika. Mkumbo alitii. Shangali alitoa mali yake. Asteria aliusafisha mji. Chausiku alilinda alichokipata kwa machozi. Wa barazani hawakugusa kitu. Na vifaranga wamekufa, wala si kwa amri ya mtu.

Bibi Nyamizi amekwisha fagia banda, ameweka maji, ameacha mlango wazi. Semeni nyinyi, na kila mmoja aseme kwa sauti mwenzake asikie: je, ni nani anayestahili kuingia?