Kadi ya Mchango ya Karani na Wenzake

Mchango hauulizi jina la bibi harusi. Mnacheka nini? Mmeisikia methali hiyo kwa Mama Anyosisye dukani, mkaja mbio kuuliza kama ametukana au amebariki. Hakutukana. Kaeni basi, wewe sogeza hilo beseni, na mikono isikae bure. Ndizi zinamenywa huku masikio yanasikiliza. Methali hii haikushushwa kutoka mbinguni. Ilianza hapahapa Mabonde, kwenye barabara ya Tukuyu, na ilianza hivi.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Subilaga. Hakuwa na mume, hakujaliwa mtoto, lakini mtaa mzima ulimwita Shangazi, kwa sababu hapakuwa na harusi wala msiba ambao hakusimama kwenye masufuria. Kadi ya mchango ikimfikia, alitoa. Akikosa pesa alitoa kuni, akikosa kuni alitoa mgongo wake. Kwake mwenyewe kadi haikuwahi kutoka. Angemwoza nani?

Alichokuwa nacho ni mbwa. Wachumaji wa chai walipohama kambi ya mlimani, waliwaacha mbwa wao nyuma kama watu waachavyo majivu. Wengi walipotea. Saba walimfuata Subilaga siku aliyopita na makombo ya msibani, wakafika naye hadi nyumbani, wakalala barazani. Aliwafukuza kwa mdomo, lakini mkono ukawa unawatupia ukoko. Mkubwa wao alimwita Karani, maana alikaa mlangoni na kumkagua kila aingiaye kana kwamba anamwandika. Karani alikuwa na donda la mguu lililonuka, na wenzake walikuwa wameliwa na upele mpaka ngozi zinang'aa.

Basi, mtaa wa jirani mtoto akang'atwa na mbwa mwenye kichaa. Mtendaji wa kata akapitisha kipaza sauti: Jumamosi askari mgambo watapita nyumba kwa nyumba, na mbwa asiyechanjwa, au mwenye vidonda visivyotibiwa, ni risasi.

Subilaga akaenda wilayani kwa daktari wa mifugo. Daktari alimpokea vizuri, hilo tusimnyime.

“Mama,” akamwambia, “chanjo, sindano za upele, na kumshona huyo mzee mguu, vyote nitakuja kufanya Alhamisi nyumbani kwako. Lakini dawa zinanunuliwa, na mimi mfukoni sina.”

Akamtajia bei. Subilaga akauza kuku wake wote, hata yule aliyekuwa akilalia mayai, na bado hakufika popote. Akaanza kubisha hodi kwa watu. Mmoja akamwambia, “Shangazi, binadamu wanakosa dawa, sembuse mbwa?” Mwingine akampa mfupa. Mfupa! Akaupokea na kushukuru, maana Karani hakuwa na kosa, lakini njiani machozi ya hasira yalimtoka. Aliiona Jumamosi waziwazi, yeye amesimama mlangoni akisikiliza bunduki inavyolia uani kwake.

“Haitakuwa!” akasema kwa sauti, mpaka mpita njia akageuka kumtazama.

Kesho yake akaenda steshenari akachapisha kadi. Kadi kamili, zenye maua pembeni: Subilaga Mwaisumo anaomba mchango wako kwa matibabu ya mbwa wake, Karani na wenzake; kikao ni Jumatano jioni, nyumbani kwa mwenyekiti. Akazigawa mkono kwa mkono, kwa heshima zote, akipiga goti mbele ya wazee.

Sasa, mnajua wenyewe, kadi ya mchango hairudishwi mlangoni. Ukiirudisha ya mwenzako, siku yako ikifika utachapisha na kujisomea mwenyewe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini waliipokea, na Jumatano wakajaa sebuleni kwa Mzee Mwakalobo, nusu kwa adabu, nusu kwa umbea.

Huyo Mzee Mwakalobo alikuwa mwenyekiti wa kamati zote, za furaha na za majonzi. Kikao ambacho hakukifungua yeye kilihesabiwa kuwa maongezi tu. Akavaa miwani, akaishika kadi kwa vidole viwili.

“Ndugu wajumbe,” akasema, “kadi hii imekosea mlango. Sisi tunachangia harusi, tunachangia msiba, tunachangia mgonjwa mwenye jina la ubatizo. Huyu Karani alibatizwa lini, na mchungaji yupi?”

Sebule nzima ikaangua kicheko. Subilaga akasimama.

“Mwenyekiti, naomba nisikilizwe. Nimesimama kwenye moshi wa harusi zenu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sijawahi kuuliza kama bwana harusi ana akili au hana. Sijawahi kuuliza kama marehemu alikuwa mtu mwema au mchawi. Mliniletea kadi, nikaja. Leo nimeleta yangu, ya kwanza. Jumamosi wanakuja na bunduki. Sina mwana wa kumwoza, Mwenyekiti. Hawa ndio ninao, na nawapenda.”

Kicheko kikapungua. Mzee akakohoa.

“Tumekuelewa, Shangazi. Lakini mtu ni lazima ajue anamchangia nani. Nikiulizwa kanisani nimetoa kwa ajili ya nani, nimtaje nani?”

Hapo ndipo sauti ilipotoka upande wa jikoni. Nyumba ile ilishika mila za Kinyakyusa, na kwa mila hizo mkaza mwana haketi chumba kimoja na baba mkwe wake, wala hamsemeshi uso kwa uso. Kwa hiyo Tusekile, mke wa Gwakisa mwana wa mwenyekiti, alikuwa nyuma ya ukuta akichemsha chai ya kikao, na dirisha lilikuwa wazi.

“Shangazi,” akaita, “naomba umfikishie baba neno langu.”

Watu wakageukia dirishani. Tangu aolewe, hakuna mgeni aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

“Sema, mwanangu,” Subilaga akajibu.

“Mwambie baba hivi. Kadi za harusi ya Gwakisa ziliandikwa bibi harusi ni Atuganile. Watu wakachanga kwa jina la Atuganile. Atuganile akaghairi, ng'ombe na mchele vimeshanunuliwa, nikaletwa mimi. Hakuna aliyedai chake. Na wewe Shangazi ulinipakulia sahani ya kwanza, hukuniuliza mimi ni nani. Mwambie baba, mchango hauulizi jina la bibi harusi.”

Loo! Jambo lile kila mtu alilijua na hakuna aliyethubutu kulitamka mbele ya mwenyekiti. Gwakisa, aliyeketi kati ya wajumbe, akainamisha kichwa. Subilaga, aliyekuwa karibu na dirisha, akamwona Tusekile ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na papo hapo akatambua binti yule alikuwa ameimeza aibu hiyo kila siku: kwamba alikula harusi ya mwenzake. Moyo ukamuuma kuliko alipopewa mfupa. Lakini ujumbe ni ujumbe. Akamgeukia mwenyekiti.

“Baba Gwakisa, umesikia, au nirudie?”

“Nimesikia.” Mzee akavua miwani, akaifuta, akaendelea kuifuta mpaka watu wakaanza kujikunakuna. “Shangazi, mwambie binti yangu amesema kweli. Na umwambie anisamehe. Neno hilo nilipaswa kulisema mimi, siku ileile ya harusi.”

Kisha akatoa pesa, akaziweka mezani mbele ya wote. “Mwenyekiti anafungua,” akasema. “Kwa jina la Karani.”

Mkono mmoja ukifunguka, kumi inaona haya. Watu wakatoa. Yule wa mfupa naye alitoa, tena noti, huku akikwepa macho.

Alhamisi daktari akaja na begi lake. Karani alishonwa kichwa chake kikiwa mapajani mwa Subilaga, akanguruma mara moja tu. Nusu ya mtaa ilijaa uani, kila mtu akionyesha mbwa aliyemchangia kana kwamba ni shemeji yake. Jumamosi mgambo wakafika, bunduki begani. Subilaga alisimama mlangoni na vyeti vya chanjo na matibabu mkononi, na Mzee Mwakalobo alikuwa amebeba kiti chake mwenyewe, ameketi kando yake. Mgambo wakasoma, wakawakagua mbwa, wakaenda zao. Huko bondeni milio ilisikika mchana kutwa. Kwa Subilaga hapakulia kitu. Aliingia ndani akalia yeye, akalia kwelikweli, kisha akatoka kuwapikia mbwa wake.

Na tangu hapo, Mzee Mwakalobo akifungua kikao, kiwe cha harusi au cha msiba, alianza kwa kusema, “Binti yangu ametufundisha neno.” Kisha alingoja. Na kutoka nyuma ya ukuta, bila woga, wajumbe wote wakisikia, Tusekile alimalizia: “Mchango hauulizi jina la bibi harusi.”