Kigelegele cha Mkamburi

Isome hii ukiwa umetulia, hasa kama una ndugu mliyekula naye sahani moja mkiwa wadogo.

Zamani kidogo, katika milima ya Taita, palikuwa na dada wawili, Mkamburi na Wakesho. Mkamburi ndiye mkubwa. Wote wawili walikuwa wepesi darasani. Lakini mwaka ambao walipaswa kwenda shule ya bweni ya masista, mama yao aliugua mgongo, na baba akasema mmoja wao hana budi kubaki nyumbani kuangalia shamba na mbuzi.

Kabla baba hajamaliza kusema, Mkamburi alijibu, "Wakesho aende. Mimi mbuzi wamenizoea."

Hakuna aliyelizungumzia tena jambo hilo.

Shuleni kulikuwa na mtawa mmoja kutoka Ayalandi, Sista Finola, mwanamke mfupi asiyeishiwa na kicheko. Jumamosi mchana benchi za bwalo zilisukumwa ukutani, naye akainua kanzu yake kidogo juu ya vifundo vya miguu na kuwafundisha wasichana ngoma ya kwao. Ilikuwa ngoma ya ajabu. Kiuno hakitikisiki, mabega hayachezi, mikono imenyooka kando ya mwili kama ya askari kwenye gwaride. Kila kitu kimetulia isipokuwa miguu, na miguu yenyewe inakwenda kama mvua ya mawe juu ya bati.

Wakesho aliipenda. Lakini aliyeipenda kupita wote ni mtu ambaye hakuwahi hata kumwona Sista Finola.

Kila likizo, Wakesho alipofika nyumbani, Mkamburi hakumpa nafasi ya kuvua viatu vya safari. Alimvuta nyuma ya zizi na kumwambia, "Haya, nionyeshe." Ardhi ya pale ilikuwa ngumu, imekanyagwa na mbuzi miaka mingi. Wakesho alicheza mbele, Mkamburi akafuata nyuma, pekupeku, ulimi ameung'ata kwa bidii. Majina ya hatua zile hawakuyajua, kwa hiyo wakazipa yao. Ile ya kudunda haraka haraka waliiita "mbuzi kaona chui." Ile ya kurusha mguu mmoja mbele na kutua na mwingine waliiita "kuvuka mfereji," kwa sababu ndivyo walivyoruka mfereji wa maji ulioshuka kwenda mashambani.

Hatua ikikubali, Mkamburi alipiga kigelegele. Kilikuwa kirefu na chembamba, kikavuka bonde lote, na mara nyingine mwanamke fulani wa ng'ambo alikiitikia bila kujua sababu.

Siku moja mama yao alisimama mlangoni akawatazama.

"Nani amewafunga mikono?" aliuliza. "Ngoma gani hii ya mahabusu?"

Wakaanguka chini kwa kicheko, na mama naye akacheka, huku ameshika mgongo wake.

Miaka ikaenda. Wakesho alisomea uuguzi, akaajiriwa katika hospitali kubwa Nairobi, akapanda cheo mpaka akawa msimamizi wa wauguzi. Mkamburi aliolewa upande wa pili wa bonde, akazaa, akalea, akafiwa na mume, akaendelea na kabichi zake. Zilipokuja kanda za video, Wakesho alipata moja yenye ngoma za Ayalandi. Kila Mkamburi alipomtembelea mjini waliketi kwenye kochi moja, wakaitazama mpaka picha ikaanza kutetemeka na kutoa mistari.

"Siku moja," Mkamburi alikuwa akisema, "nitawaona hawa wakiwa watu, si wakiwa picha."

"Mungu akipenda," Wakesho alijibu, kama vile mtu anavyomjibu anayesema atakwenda mwezini.

Basi, Wakesho alipokuwa ameshastaafu, likatoka tangazo: kundi la wachezaji kutoka Ayalandi litafika Nairobi kwa onyesho la Jumapili alasiri. Wakesho alipiga simu Taita. Alieleza yote, siku na saa.

Kisha Mkamburi akasema, "Nitavaa viatu gani?"

Jumapili hiyo walifika mapema, na bado walikuta foleni imezunguka jengo. Wakesho hakujua kwamba mjini kulikuwa na watu wengi hivyo wenye ugonjwa kama wao. Kulikuwa na wasichana waliofunga utepe wa kijani kichwani, waliojifunza hatua kwenye simu, sasa wakizijaribu pale pale kando ya barabara. Kulikuwa na mzee wa Kihindi na mkewe, wamevaa kama wanaokwenda arusini. Mama mmoja alikuwa ametoka Nakuru na watoto wake wote. Hakuna aliyelalamikia jua.

Mkamburi alisalimiana na foleni nzima, mbele na nyuma.

"Na wewe umewangoja tangu lini?" alimuuliza msichana mmoja mwenye utepe.

"Tangu darasa la tano, shosho," alijibu, kama anayemjibu bibi yake.

"Basi wewe bado mgeni," Mkamburi alimwambia, na watu waliokuwa karibu wakacheka.

Wakesho alicheka pia. Alikuwa akimtazama dada yake, leso yake mpya begani, viatu vyeusi alivyoazima kwa mkwe wake, akaona sura ileile ya nyuma ya zizi. Uzee ulikuwa umeipitia lakini haukuichukua.

Ndani palikuwa na zulia zito na viti vya kukunja. Walipoketi tu, Wakesho aliona kisogo alichokifahamu katika safu ya mbele yao. Alikuwa Daktari Odera, aliyekuwa mkurugenzi wa hospitali yake, mtu ambaye wauguzi walinyoosha aproni zao waliposikia viatu vyake koridoni. Wakesho alijikuta ananyoosha gauni.

Taa zikazimwa. Fidla ikalia, nyembamba, ya kusikitisha kidogo. Kisha jukwaa likajaa mwanga, na wachezaji wakaingia kwa mstari mmoja, mikono imenyooka, nyuso zimetulia, na miguu ikaanza.

Kwenye video ngoma ile ilikuwa ya kutazamwa. Pale ukumbini iliingia mwilini. Mbao za jukwaa zilinguruma, kiti kikatetemeka, na kifua cha Wakesho kikapokea kishindo kama ngozi ya ngoma. Alimwona Sista Finola ameinua kanzu yake. Alisikia harufu ya zizi. Machozi yakamtoka bila kumuaga.

Watu walikuwa wamejaa furaha, lakini furaha ya Nairobi ina adabu zake. Walishika pumzi, walisubiri kila mchezo uishe, kisha wakapiga makofi na kutulia tena, kama kanisani baada ya kwaya.

Ndipo wachezaji waliporusha mguu mmoja mbele na kutua na mwingine, wote kwa pamoja.

"Wakesho," Mkamburi alisema kwa sauti kamili, "wanavuka mfereji."

Akasimama, akapiga kigelegele.

Kilikwenda mpaka darini na kurudi. Vichwa vikageuka. Jukwaani miguu ikazidi kasi, kana kwamba mtu amemwaga mafuta motoni, na Mkamburi akapiga cha pili. Daktari Odera akageuka polepole, akawatazama juu ya miwani yake.

Wakesho alihisi uso unamwaka moto. Alimshika dada yake mkono, akamvuta chini.

"Dada, hapa si arusini."

"Kwani nimekosea?"

"Watu wanatutazama."

Mkamburi aliangalia huku na huku, akaona kweli wanatazamwa. Alivuta leso yake ikakaa sawa, akaweka mikono mapajani. "Haya," alisema. "Sikujua."

Toka hapo hakutoa sauti tena. Kulikuwa na mchezaji mmoja kijana aliyeruka kama aliyerushwa, na kulikuwa na hatua ya mbuzi kaona chui, ndefu, kamili, ambayo wao hawakuwahi kuimaliza hata siku moja. Wakesho aligeuka ili watazamane. Mkamburi alikuwa anaangalia mbele, midomo ameifunga, kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Wengine waliokuwa wameanza kuchangamka nao wakanyamaza. Onyesho likaisha kwa makofi mazuri, ya adabu.

Wakesho hakukumbuka mchezo wa mwisho ulikuwaje.

Walipotoka, walikuta watu wamesongamana kwenye ukumbi wa kuingilia. Wachezaji walikuwa wameshuka kusalimia, bado wanatoka jasho, na wasichana wa utepe wa kijani walikuwa wakipiga nao picha huku wakitetemeka kwa furaha. Kiongozi wa kundi, mwanamke mwenye nywele nyekundu zilizoanza kuingia mvi, alikuwa akizunguka akiulizia jambo. Kila aliyeulizwa alitikisa kichwa. Mwishowe alipanda kwenye ngazi na kuuliza kwa Kiingereza ili wote wamsikie:

"Yuko wapi aliyepiga ile sauti?"

Daktari Odera alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwao.

Sasa wanatafutwa ili waonywe, Wakesho alijiambia, mbele ya mkurugenzi na mbele ya watu wote hawa. Mkamburi hakuelewa Kiingereza. Ingetosha kumshika mkono na kutoka taratibu, na hakuna ambaye angejua.

"Anasema nini?" Mkamburi alimuuliza.

Wakesho alimtazama dada yake, na viatu vyake vya kuazima. Akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Ni dada yangu," alisema kwa Kiingereza. "Na kama kuna kosa, ni langu. Mimi ndiye niliyemleta."

Mwanamke yule alishuka ngazi, akapenya katikati ya watu mpaka akafika mbele ya Mkamburi. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyelemewa na swali.

"Tafadhali muulize, kwa nini alinyamaza?"

Wakesho hakuelewa. "Alinyamaza?"

"Kule juu taa zinatupiga usoni, hatuoni mtu hata mmoja. Tunacheza mbele ya giza. Tumekuwa safarini miezi mingi, vijana wangu wamechoka, na leo nilidhani tumecheza vibaya. Kisha tukaisikia sauti ile. Sikujua maana yake, lakini miguu ilijua. Halafu ikakatika. Wakati wa mapumziko vijana walikuwa wakiulizana nyuma ya pazia, tumekosea wapi?"

Wakesho alihisi maneno yale yanamfika moja moja. Kumbe swali alilouliza dada yake gizani ndilo hilo hilo walilokuwa wakiuliza wachezaji nyuma ya pazia. Wote walidhani wamekosea, na hakuna aliyekuwa amekosea.

"Hamkukosea," alimwambia. "Naye hakukosea. Mimi ndiye niliyemnyamazisha. Niliona haya."

Kisha akamgeukia Mkamburi na kumweleza yote kwa Kitaita, pamoja na lile la haya.

Mkamburi alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe walinisikia," alisema taratibu.

Kiongozi akamsihi apige tena, mara moja tu, vijana wamwone. Mkamburi akacheka.

"Mwambie sauti haiitwi kama kuku. Wacheze kwanza."

Watu wakarudi nyuma, pakapatikana nafasi. Yule kijana wa kuruka akaingia na wenzake wawili, bila fidla, bila taa za rangi, viatu juu ya marumaru. Wakacheza. Na walipovuka mfereji, kigelegele kikatoka, kirefu, chembamba, safari hii bila mtu wa kukizuia. Mama wa Nakuru akakiitikia. Wasichana wa utepe wakaitikia. Wakesho akafungua mdomo, na sauti ambayo alikuwa hajaitumia tangu aingie mjini ikatoka imepasuka kidogo katikati, lakini ikatoka.

Shangwe ilipopungua, Daktari Odera alimkaribia. Wakesho alisubiri karipio lake.

"Sista Wakesho," alisema, kwa jina walilomwita hospitalini, "mama mzaa mama yangu alikuwa akipiga hivyo hivyo. Nilipogeuka nilikuwa nataka kumshukuru huyu mama. Nikaona umemkalisha, nikadhani ninyi ndio mmeudhika na mimi."

Nje jua lilikuwa limeanza kulegea juu ya maegesho. Dada wawili walitembea bila haraka, kwa kuwa viatu vya kuazima vilikuwa vimeanza kumbana Mkamburi. Walipofika kwenye kona, Wakesho alisimama.

"Dada, nisamehe. Na si kwa leo tu."

Mkamburi alijua anazungumzia nini. Aliinama, akavua viatu, akavishika mkononi.

"Mimi sikukuacha uende shule ili uje unione haya," alisema. "Lakini pia sikukuacha uende ili unilipe. Nilitaka tu mmoja wetu aione dunia, kisha aje anisimulie. Umenisimulia tangu tukiwa wasichana, na leo umenionyesha. Twende tukale, nina njaa."

Akatangulia, pekupeku juu ya lami yenye joto, na Wakesho akamfuata nyuma.

Funzo: Usiizime furaha ya ndugu yako kwa kuogopa macho ya watu. Wengi wa hao unaodhani wanamcheka wanangoja tu mmoja aanze, na huenda kuna aliyechoka, asiyeonekana gizani, ambaye sauti hiyo ndiyo inayomsimamisha.