Oili ya Tangini na Gari la Mzee Saria

Oili ya tangini haijafika kwenye chuma. Leo mkutanoni mwenyekiti alisema dawa za zahanati yetu zimeshafika wilayani, bibi mmoja akamjibu hivyo, nanyi mkacheka bila kujua mnacheka nini. Basi tulieni, niwaambie maneno hayo yalikotoka.

Yalitoka hapa hapa Moshi, kwenye gereji ya Fundi Anaeli, nilikofanya kazi baada ya kuachana na shule. Mzee Saria wa Marangu alikuwa na gari la mashindano, jekundu, limelala chini kama mjusi. Alilikimbiza ujana wake wote. Alipopofuka uzeeni, gari likabaki kwa binti yake, Ndeshi, naye akalikimbiza mpaka injini ikachoka. Tuliifungua yote, tukaiunga upya. Krenki yake, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ilikuwa ya mwisho. Nyingine tuliitafuta mpaka Nairobi tukaikosa. Ikiharibika hiyo, gari linabaki la kufugia kuku.

Sasa mwelewe jambo moja. Magari mengi oili yao hulala kwenye sampu, chini ya injini yenyewe, na pampu huivuta papo hapo. Gari lile halikuwa hivyo. Kwa mwendo wake, likikata kona oili ingekimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa. Kwa hiyo waliolitengeneza waliiweka oili kwenye tangi la peke yake, nyuma, ivutwe mbele kwa mpira mrefu. Mpango mzuri. Lakini injini ikishafunguliwa, mpira ule unakuwa mtupu. Ukiwasha kabla oili haijafika, vyuma vinasagana vikavu, na habari imeisha.

Gereji ilikuwa na desturi yake. Injini iliyofunguliwa ikishafungwa, mwenye gari huja na watu wake, na yeye ndiye huiwasha. Mlio ule wa kwanza tuliuita kilio cha mtoto. Siku hiyo Ndeshi alimleta baba yake, akamketisha karibu kabisa na injini, maana macho hayakuwepo lakini masikio yalikuwa mazima. Majirani walikuja. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ililetwa.

Anaeli akasema tusubiri. Ndeshi akachomoa kijiti cha kupimia, akamwonyesha kwamba tangi limejaa hadi alama.

"Nimeimimina mwenyewe, fundi. Baba amekuja kusikia gari, si mahubiri."

"Atalisikia. Tuzungushe injini kwanza bila kuiwasha, mpaka mshale wa geji ya oili upande."

"Unatuharibia sherehe."

"Sherehe ya nani? Ya krenki?"

Watu wakamcheka, wakasema siku hizi fundi anaogopa hata kelele. Ndeshi akaingia garini, akageuza ufunguo. Injini ikazunguka ikihema tu, haikulia. Akajaribu tena, vilevile. Ndipo Anaeli akatia mkono mfukoni, akatoa plagi zote za kuwashia, alizokuwa amezichomoa mapema.

"Endelea kuzungusha, mwanangu," akasema. "Tazama geji."

Ndeshi alikasirika, lakini akazungusha. Mshale haukutikisika. Akaipumzisha stata, mota ile ya kuzungushia injini, akazungusha tena. Mshale uko palepale. Vicheko vikaisha.

Anaeli akalegeza mpira unapoingia kwenye pampu. Halikutoka hata tone. Akaenda nyuma, akaufungua kwenye tangi. Oili ikammwagikia mikononi, naye akaziba tundu kwa kidole. Tangini ilikuwemo, tele. Lakini ndani ya mdomo wa mpira mlikuwa na tambara. Wakati wa kuosha tangi huwa tunaziba mipira kwa matambara, kwa sababu vumbi la hapa halina adabu. Moja lilisahauliwa.

"Nani aliliweka?" Ndeshi akauliza, sauti imeshuka.

"Mimi," Anaeli akasema. "Ndiyo maana siiamini hata mikono yangu."

Akaufunga mpira, akaiacha oili itiririke hadi kwenye pampu mpaka mapovu yakaisha, akakaza. Ndeshi akazungusha. Mshale ukatetemeka, kisha ukapanda. Alishuka, akaegemea mlango, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Anaeli alikaa juu ya tairi, tambara bado mkononi, akicheka peke yake.

Mzee Saria akauliza tangi lilikuwa na oili kiasi gani. Akaambiwa limejaa.

"Limejaa," akarudia, akatikisa kichwa. "Kumbe oili ya tangini haijafika kwenye chuma. Haya, rudisheni plagi, nisikie gari langu."

Likanguruma. Mzee akanyoosha mkono, akauweka juu ya bati linalotetemeka, na uso wake wote ukafunguka. Sijaona mtu aliyelitazama gari vizuri kuliko yule kipofu.

Majirani walirudi kwao na maneno yale. Wiki haijaisha, mposaji mmoja alikuwa akijisifu kwamba mahari ipo nyumbani, akajibiwa na shangazi wa binti bila kupepesa macho: oili ya tangini haijafika kwenye chuma.