Yowe Haliombi Kibali

Jumanne, tarehe kumi na tatu Oktoba, saa tatu asubuhi, kisima changu kiliporomoka, mke wangu Nyamizi akiwa ndani.

Ninyi wajukuu zangu mmetoka kuipinga hiyo sheria mpya ya usalama wa taifa, mnaimba "Yowe haliombi kibali," halafu mnaniuliza methali hii imetoka wapi. Imetoka kwangu, wala sijivunii. Ilianza hivi.

Sheria ya usalama ya kwanza ilipoletwa, mtendaji wa kata alitusomea mkutanoni: atakayeita watu zaidi ya kumi bila kibali chenye mhuri, jela miaka mitano.

Nyamizi akasimama. "Mheshimiwa, na yowe je? Chatu akinikamata, nimwambie asubiri mhuri?"

Watu wakashika mbavu. Mtendaji hakucheka. Akanigeukia. "Mzee Luhende, huyu ni wako?"

"Kaa chini, Mama Shija," nikasema. "Unaniaibisha."

Akakaa. Tukaambiwa wanaoikubali wanyooshe mikono. Wa kwanza nilikuwa mimi. Usalama! Nani anakataa salama? Mimi sikusoma. Wao waliosoma walijua walichoandika.

Basi, Jumanne ile Nyamizi alishuka kuzoa tope kabla ya mvua. Udongo ukamfunika mpaka kifuani. Kwetu, yowe moja tu na kijiji kizima kinafika na majembe. Tena watu walikuwa pale pale ng'ambo ya mfereji, wanatayarisha mashamba. Nikafungua mdomo. Nikakumbuka miaka mitano. Nikaufunga.

"Baba Shija, piga yowe!"

"Vumilia, nafuata kibali."

Nikakimbia mpaka ofisini. Karani hata hakuinua uso. "Mtendaji yuko wilayani, na mhuri kaenda nao. Njoo kesho, mzee."

Niliporudi, udongo ulikuwa umeshamaliza kazi yake. Hapo ndipo nikapiga yowe, bila kibali. Walikuja wote na majembe yao, na hakuna aliyenikamata. Jirani yangu Ng'wandu akanishika bega. "Yowe haliombi kibali, Luhende." Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mtendaji yule alipandishwa cheo.

Haya, imbeni, wanangu: yowe haliombi kibali. Ila mjue kuna neno halimo katika wimbo wenu. Nilipogeuka kukimbia, Nyamizi aliniuliza kutoka mle kisimani, na mpaka leo sijamjibu: "Baba Shija, unamwogopa nani?"