Kitabu Kilichokatwa Vipande Vitatu

Sogeeni karibu, na yule anayependa kujibu kabla hajaulizwa akae nyuma kabisa, maana swali la leo litamtoa jasho.

Katika kijiji kimoja cha milimani, jina lake nabaki nalo mwenyewe, palikuwa na shule ya msingi yenye kitabu kimoja tu cha sayansi. Na sayansi ya shule ya msingi mnaijua ilivyo: mara moyo na mapafu, mara maji na hewa, mara sauti na sumaku, mpaka nyota. Mwalimu wa kuibeba yote peke yake hakupatikana. Walipatikana watatu wa kujitolea, vijana wa palepale. Basi Mwalimu Mkuu Mchome akaazima kisu cha fundi viatu, akakikata kile kitabu vipande vitatu. "Kila mtu na chake," akasema, "na asiingie mtu shamba la mwenzake."

Mwalimu Kazeni alipewa mwili wa binadamu. Huyu alikuwa mkali, hacheki, na somo lake liliimbwa darasa zima mpaka koo zikakauka: damu ikitoka, bana, ukishabana, inua, ukishainua, usiachie. Watoto walimchoka.

Mwalimu Nanzia alipewa maji na hewa. Huyu dada alikuwa bingwa wa kuharibu vitu. Alichukua kikombe cha chai cha mwalimu mkuu, akakibandika karatasi ndani, akakizamisha kwenye ndoo mdomo ukiwa chini, ili watoto waone hewa inavyoyakatalia maji kuingia. Karatasi ilitoka kavu kweli. Kikombe kilitoka bila kishikio.

Mwalimu Mbonea alipewa sauti, mwanga na sumaku. Huyu darasani hakukaliki. Aliwatoa watoto nje, akawalaza masikio kwenye bomba la chuma la pampu ya maji, kisha akaenda upande wa pili wa bomba na kugonga kwa kijiwe. "Mmesikia? Chuma kinaibeba sauti vizuri kuliko hewa!" Alipata barua ya onyo kwa kuchezesha wanafunzi saa za masomo.

Darasa la sita alikuwamo Nakijwa, mtoto wa maswali. Siku moja alimuuliza Mwalimu Kazeni damu inaibebaje hewa. "Hewa si yangu. Muone Mwalimu Nanzia." Akaenda. "Damu si yangu, mwanangu. Rudi kwa Mwalimu Kazeni." Tangu hapo Nakijwa alijifunza kutafuta mwenye swali kwanza, ndipo aulize.

Sasa shikeni hapa. Shule ile ilikuwa na tangi la kuvunia maji ya mvua, limechimbiwa ardhini, lina tundu moja tu juu. Kabla ya vuli darasa la sita hulisafisha. Zamu ya mwisho wakashuka Nakijwa na rafiki yake Ramla, na madumu mawili ya kuchotea tope. Walipomaliza, Ramla akatangulia kupanda. Ngazi ikavunjika katikati, akaanguka, msumari ukamchana mguu kuanzia goti hadi chini. Muda huohuo mvua ikashuka, kabla ya siku yake, nzito ajabu. Waliokuwa juu wakakimbilia madarasani, kila mmoja akidhani mwenzake amebaki kuwangoja wale wawili.

Nakijwa alipiga kelele mpaka sauti ikamwisha. Mabati ya shule yalikuwa yananguruma, hakuna aliyesikia. Maji ya paa zima yakaanza kumiminika mlemle walimo. Aliruka kulifikia lile tundu, akaruka tena, kuta zilikuwa zinateleza kwa ukungu na tundu lilikuwa mbali. Na kinachouma ni kwamba alisimama akijiuliza, kwa mazoea tu: hili ni la mwalimu gani?

"Nakijwa," Ramla akaita, "nasikia baridi. Naona giza."

Hapo wimbo ulioimbwa kwa kuchoshana ukamjia wenyewe. Alimvua Ramla mtandio, akaubana kwenye jeraha kwa nguvu zote, akaufunga, akauegemeza mguu juu ya dumu. Ramla alilia. Nakijwa hakuachia. Damu ikapungua, ikakata.

Lakini maji yalikuwa yamefika magotini, kisha kiunoni, na Ramla hawezi kusimama. Nakijwa akayatazama madumu. Moja lilikuwa na kifuniko, jingine limezibwa kwa gunzi la mahindi. Akakumbuka kikombe cha mwalimu mkuu. Alilikaza lile gunzi, akayafunga madumu kwa mikono ya sweta yake, akampitisha Ramla katikati. Maji yakapanda, na Ramla akapanda nayo.

Lakini kuelea si kutoka. Maji yalimfika Nakijwa kifuani. Ukutani lilishuka bomba la pampu, lilelile la Mwalimu Mbonea. Akaokota kipande cha ngazi chenye msumari mkubwa, akagonga chuma kwa chuma. Tatu, akapumzika. Tatu, akapumzika. Kule jikoni, jirani na pampu, mpishi, Mama Sechonge, akatoka kwa hasira kuwafukuza watoto wanaochezea pampu. Hakumwona mtoto hata mmoja. Pampu ilikuwa inagongwa na hakuna mtu. Ndipo akapiga yowe lililomwinua mwalimu mkuu kitini.

Walitolewa kwa kamba, wazima wote wawili.

Wiki ya pili ikaja barua ya wilaya: ajira ya mwalimu wa sayansi ni moja. Watatu wamejitolea miaka minne. Mmoja abaki, wawili waende zao. Kamati ikabishana siku tatu, ikagawanyika kama kile kitabu. Mwishowe mwalimu mkuu akasema, "Aliyekuwa tangini ndiye anajua nani alimtoa. Aseme, mimi niandike."

Nakijwa akaingizwa ofisini, mlango ukafungwa. Walimu watatu walikuwa wameshaketi.

"Bila damu kuzuiwa mngetoa maiti," alisema Mwalimu Kazeni.

"Damu ikizuiwa na maji yakawafunika, je?" alisema Mwalimu Nanzia.

"Wangeelea mpaka darini," alisema Mwalimu Mbonea, "na nyie mngekuwa mnakunywa chai. Nani alijua wamo mle?"

"Nyamazeni," akasema mwalimu mkuu. "Haya, binti, jina moja."

Nakijwa alimtazama Mwalimu Kazeni, ambaye yeye Nakijwa hakuwahi kumpenda, kisha akawatazama wale wengine wawili. Kule tangini aliona pa kutokea, mbali lakini papo. Humu kila tundu alilolitazama lilikuwa na mtu wa kuachwa chini.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. Kisha: "Naomba kitabu kishonwe, mwalimu. Wabaki wote."

"Kitashonwa. Nimeshaita fundi. Lakini ajira ni moja, na kikishashonwa kitashikwa na mmoja. Nani?"

"Ningetoa kimoja kati ya vile vitatu, Ramla angekufa."

"Hilo tunalijua. Ndiyo maana tumekuita wewe."

Nje mtoto wa zamu alikuwa ameshashika kengele. Mwalimu mkuu aliinamisha macho kwenye karatasi, akainua kalamu, akangoja. Nakijwa akafungua mdomo.

Mimi nimemwacha hapohapo, mdomo wazi, na sina ngazi ya kumtoa. Nyie mliokaa huku nje pakavu, mnaopumua bila shida, mwambieni. Kazeni aliyezuia damu, Nanzia aliyewaelesha, au Mbonea aliyewafanya wasikike? Kalamu ingali hewani, na wawili lazima wafungashe leo. Wewe ungemtaja nani?