Matone Matatu Chini ya Mpini

Wamesimulia waliotutangulia, na ajuaye zaidi ni Mwenyezi Mungu, kwamba palikuwa na mji wa mitende ulioitwa Ain Safwa, na katika mji huo aliishi mhunzi mcha Mungu, Dhakwan bin Rafii. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kila alipopiga nyundo alimtaja Mola wake, hata majirani wakazoea kuijua saa ya swala kwa kunyamaza kwa nyundo ile.

Mji huo haukuwa na mto. Maji yake yalitoka mlimani, mwendo wa nusu siku, yakipita katika mfereji uliochimbwa na wazee wa kale. Tangu zama za wazee hao palikuwa na ahadi baina ya mji na mtawala: watu watatoa fungu la kumi la tende zao, na mtawala atawalisha wachimbaji na kuuweka mfereji wazi. Majembe ya kazi ile yalikuwa mali ya wakfu. Yaliwekwa katika chumba kando ya msikiti, na kila jembe lilipigwa alama ya matone matatu, pale chuma kinapoingia kwenye mpini, ili mtu yeyote asije akasema ni lake.

Mwaka mmoja kipande cha mlima kilianguka kikauziba mfereji. Amiri Ghalibu, aliyetawala wakati huo, akasema atalitazama jambo hilo. Mwaka wa kwanza ukapita akilitazama, na wa pili ukaingia. Mitende ikakauka kuanzia kileleni. Watu wakabaki na kisima kimoja nje ya ukuta, maji yake machache na yenye chumvi.

Ndipo wakachaguliwa watu kumi waende kwa Amiri, na Dhakwan akiwa mmoja wao.

"Bwana Amiri," wakasema, "njaa imekwisha kubisha hodi. Tufungulie mfereji, na utoe katika ghala chakula cha wachimbaji, kama ilivyo ahadi."

Amiri alikuwa mwerevu. Alijua kuwa mji ule una kidonda cha zamani. Baba yake, alipokuwa mtawala, aliwakataza raia kushika silaha, na katika mwaka wa katazo hilo wanyang'anyi waliingia wakaua watu arobaini waliokuwa mikono mitupu. Baba yake Dhakwan alikuwa miongoni mwa arobaini hao.

"Nimeisikia shida yenu," akasema Amiri. "Mwaka wa njaa ni mwaka wa wezi. Basi kuanzia leo nimeliondoa katazo la baba yangu. Kila mwenye nyumba ana haki ya kuwa na upanga. Mtu huru hangoji kulindwa."

Wale watu kumi walishangilia. Dhakwan mwenyewe alileta takbira, machozi yakimtoka, kwa sababu alimkumbuka baba yake. Walikwenda kuomba maji, wakarudi wakishangilia panga. Na hapana aliyeukumbuka mfereji mpaka walipofika majumbani wakaikuta mitungi ni mitupu vilevile.

Siku zilizofuata, uani kwa Dhakwan hapakuwa na pa kusimama. Mivukuto ya kupulizia moto ilivutwa na mwanawe wa pekee, Hudhaifa, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekaribia kuoa. Chuma kilikuwa adimu, kwa hiyo watu walileta walichonacho: mabawaba ya milango, vyuma vya lijamu, hata kengele ya ngamia.

Akaja Shabibu muuza vitunguu, mtu mwembamba mwenye miguu ya korongo, akataka upanga mrefu kuliko za wote.

"Shabibu," Dhakwan akamwambia, "Idi iliyopita uliniita nikuchinjie kuku. Leo wataka upanga?"

"Yule kuku alikimbia, Mzee wangu. Mwizi atasimama."

"Na asiposimama?"

"Basi nitakuwa nimeshinda bila kupigana."

Watu wakacheka, na Hudhaifa akacheka zaidi ya wote. Hicho ndicho kicheko cha mwisho cha mwanawe ambacho Dhakwan alikikumbuka baadaye.

Maana jioni ile akaja Numairi. Huyu ndiye aliyekuwa msimamizi wa mfereji, naye tangu mfereji uzibe hakuwa na kazi, na nyumbani kwake mlikuwa na watoto wanne. Chini ya joho lake alificha jembe.

"Nifulie upanga, Mzee Dhakwan. Juzi wamenivunjia mlango, wakachukua unga wa siku mbili."

Dhakwan aligeuza chuma kwenye mwanga akayaona matone matatu. "Numairi, hili ni jembe la wakfu."

"Ni la mfereji, na mfereji umekufa. Mwaka wa pili huu limelala. Nimekwenda kwa Amiri mara saba niambiwe nilitumie wapi, hakuna neno. Wanangu watalindwa na nini, na matone matatu?"

Nyuma yake sauti ya mivukuto ikakoma.

"Baba," akasema Hudhaifa, "usilitie motoni. Hilo si lake wala si letu."

Dhakwan alimtazama mwanawe, kisha akamtazama Numairi, ambaye mashavu yake yalikuwa yamebonyea kwa njaa. Akaona haya kumrudisha mwenzake mikono mitupu, maana tangu utotoni alikuwa ameapa kwamba mikono mitupu haitaua tena mtu katika mji ule. Akasema, "Vuta mivukuto, mwanangu."

Hudhaifa akavuta. Jembe likawa upanga. Dhakwan akapiga juu yake alama yake ya nyota, kama ilivyo desturi, na yale matone matatu akayafunika kwa mpini wa mti, akaukaza kwa ngozi. Hapana aliyejua ila wale watatu. Na Rabab, mkewe Dhakwan, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chakula.

Haukupita mwezi. Alasiri moja kisimani ndoo ilipanda na tope. Watu wawili waligombea maji yaliyokuwa juu ya tope, na kila mmoja alikuwa na ndugu nyuma yake, na kila ndugu alikuwa na upanga. Hudhaifa aliingia katikati kuwaamua. Vumbi lilipotua alikuwa amelala chini, na kando yake upanga uliotupwa, una damu. Waliokuwapo wakaulizwa ni mkono wa nani. Kila mtu alisema vumbi lilikuwa jingi.

Dhakwan alimwosha mwanawe kwa maji ya chumvi ya kisima kilekile, akamsitiri, akamzika. Alisema, "Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea."

Katika mji ule damu ilipomwagika kwa silaha, mhunzi mwenye alama yake aliitwa mbele ya kadhi, na ushahidi wake kuhusu mwenye silaha ulitosha. Kwa ajili hiyo wahunzi walikuwa wakila kiapo. Na katika kiapo hicho palikuwa na neno hili pia: mhunzi atakayeharibu chuma cha wakfu, mivukuto yake itapasuliwa, wala hatawasha moto wa uhunzi tena. Siku ya tatu Dhakwan akaitwa.

Asubuhi hiyo Rabab alimletea maji ya kutawadhia, akakaa mbele yake.

"Baba Hudhaifa, umeuona upanga?"

"Nimeuona."

"Ukimtaja mwenye upanga tu, mji wote utakuita mkweli, nasi tutalipiwa damu yetu. Lakini mimi nilikuwa mlangoni siku ile. Nilimsikia mwanangu alivyokwambia."

Dhakwan akainamisha kichwa.

"Sitamwambia mtu," akasema Rabab. "Nakwambia wewe tu, ili usije ukadhani uko peke yako na siri yako. Mola wetu alikuwapo, na mimi nilikuwapo."

Barazani kwa Kadhi Mundhiri watu walikuwa wamejaa, na Amiri Ghalibu amekaa juu ya takia lake. Kadhi akauweka upanga mbele ya Dhakwan. "Unaijua alama hii?"

"Naijua, Sheikh. Ni nyota yangu. Nilimfulia Numairi bin Sakhri."

Numairi alikuwa pale. Hakukana. Alikaa chini kama mtu aliyetua mzigo, akasema, "Sikumkusudia. Wallahi, alinijia kwa upande na macho yangu yalikuwa yamejaa vumbi."

Amiri akanyanyuka. "Basi limekwisha. Mtu na tendo lake. Mimi niliwapa haki, sikuwapa ujinga."

"Halijakwisha, Bwana Amiri," akasema Dhakwan. Akauchukua upanga, akakata ile ngozi, akauvuta mpini mpaka ukatoka. Akamwonyesha Kadhi matone matatu.



"Hili lilikuwa jembe la mfereji," akasema. "Mwanangu aliniambia nisiliguse. Nilimsikia, nikamwambia avute mivukuto. Nami ni mmoja wa wale kumi. Tulitumwa kuomba maji, tukapewa panga, na takbira ya kwanza ilikuwa yangu. Usiandike kwamba damu hii ni ya mkono mmoja, Sheikh. Kuna aliyepiga. Kuna aliyefua. Na kuna ambaye jembe hili lilimngoja miaka miwili alipe kazi, asilipe."

Uso wa Amiri ukabadilika. "Nikiwanyima mnalia, nikiwapa mnalia. Vema. Kesho nitazikusanya panga zote, mrudi mlivyokuwa."

"Ukizikusanya, Bwana wangu, tutagombana kwa mawe. Baba yangu aliuawa hana upanga, na mwanangu ameuawa mji mzima una panga. Nimewazika wote wawili, siwezi kukwambia kwamba dawa ni kuwapa watu upanga wala kuwapokonya. Ninalolijua ni moja. Mlango wa mwenye upanga hulindwa akiwa macho. Mlango wa mtu ambaye jirani yake ameshiba hulindwa hata akilala. Sisi tulikuomba hilo la pili."

Kadhi Mundhiri ndiye aliyesema, taratibu, "Fungu la kumi la tende ulilipokea mwaka jana, Bwana Amiri. Na mwaka huu pia umelipokea."

Kisha Kadhi akamgeukia Dhakwan. "Wewe ni walii wa damu hii, mwenye haki ya kuidai. Wataka kisasi, au fidia, au utasamehe?"

Dhakwan akasema, "Mama yake aulizwe pia." Wakaenda kumuuliza Rabab nyumbani, naye akarudisha jibu: "Watoto wanne wa Numairi wanatosha kuwa yatima wa njaa. Wasiwe yatima wetu."

"Basi nimesamehe damu," akasema Dhakwan. "Lakini jembe ni la wakfu, si langu kulisamehe. Numairi atakuja kwangu avute mivukuto, tulirudishe lilivyokuwa."

Kadhi akasema, "Na mivukuto yako, Dhakwan, hukumu yake unaijua."

"Naijua."

"Itapasuliwa siku maji yatakapofika mjini. Mpaka hapo fua majembe."

Siku ya pili Numairi alikuja. Walifanya kazi toka alfajiri mpaka adhuhuri bila kusemezana. Walipomaliza wakatoka nje ya lango, watu wawili na jembe moja, wakaelekea mlimani. Watu wakawatazama kutoka ukutani. Shabibu muuza vitunguu ndiye wa kwanza kuwafuata. Alifika ameburuta upanga wake mrefu, akasema, "Mzee, ulinipunja. Haukati kitu. Nigeuzie uwe jembe, labda utaona haya mbele ya udongo." Siku ya tatu walikuwa arobaini, ya tano hawakuhesabika. Wapo walioleta panga zao zifuliwe majembe, na wapo waliozibakiza majumbani, na Dhakwan hakumlaumu yeyote.

Amiri alikaa siku nane bila kufanya lolote. Siku ya tisa, ama kwa kumcha Mungu ama kwa kuwaogopa watu, na Mungu ndiye ajuaye yaliyo moyoni, akafungua ghala nusu, na ngamia wakapeleka unga na tende mlimani. Siku ya hamsini na moja maji yalipita langoni, mekundu kwa udongo, kisha yakaanza kutakata.

Dhakwan alitawadha, akaswali rakaa mbili. Kisha akaichukua mivukuto begani, akaenda kwa Kadhi bila kuitwa. Kadhi Mundhiri akaipasua kwa mkono wake, maana hukumu ni hukumu, na ndevu zake zikilowa machozi.

Ile ngozi iliyopasuliwa, Rabab aliiomba. Akaishona upya, akaifanya kiriba, akaitundika kando ya mfereji pale njia ya wasafiri inapopita, iwe sadaka ya mwanawe. Kila asubuhi Numairi aliijaza maji. Inasemekana Dhakwan hakuweza kula naye sahani moja mpaka mwaka wa tatu. Alimsamehe kwa siku moja, lakini moyo ulimfuata polepole, na aliyefiwa hahitaji kuelezwa hilo.

Enyi ndugu zangu, silaha mkononi mwa mtu ni amana, na shibe ya raia mkononi mwa mtawala ni amana. Amana moja hailipii nyingine, na kila mwenye yake ataulizwa kwa yake. Nasi tulio wadogo tusijione tumeokoka, maana kila mmoja wetu ana mpini aliofunikia matone matatu. Mola atujaalie kuuvua kwa mikono yetu kabla ya Siku utakapovuliwa mbele ya viumbe wote, na awarehemu wale waliotuonya tukawaambia wavute mivukuto.